Mapafu ya asiyeumwa: maswali yenu kuhusu moshi wa magari

Tangu tulipozungumzia pumu, wengi mmeuliza: na sisi tusio na pumu, je? Nimechagua maswali matano.

Shikamoo daktari. Naendesha bodaboda kati ya Mbagala na Kariakoo, nina miaka 26, sivuti sigara, sijawahi kuumwa kifua. Moshi wa magari unanidhuru nini?

Marahaba, mwanangu. Kutosikia maumivu hakumaanishi mapafu yako salama. Mwaka 1999 kilichapishwa kipimo walichofanyiwa watu wenye afya, wasiovuta sigara, waliokaa saa 1 tu kwenye moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa. Walipopuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, majibu yalikuwa ya kawaida kabisa. Lakini vinyama vilivyochukuliwa kutoka njia zao za hewa vilijaa seli za kinga, dalili kwamba uvimbe ulikuwa umeanza.

Jioni ukifuta pua kwa kitambaa cheupe unaona weusi. Hilo ni vumbi kubwa, pua imelinasa. Linalonitia hofu ni lile usiloliona: chembe zisizofika mikroni 2.5, nyembamba kuliko unywele karibu mara 30, zinazoshuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya ndani kabisa. Tena tangu mwaka 2012 moshi wa dizeli umo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kwenye foleni usijibanze nyuma ya ekzosi ya lori. Sogea pembeni, hata mita chache zina maana. Mkiwa kijiweni mnasubiri abiria, zimeni injini.

Nikinywa maziwa, yanasafisha kifua?

Hapana. Maziwa huenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Yanywe kwa lishe yake.

Tumepanga chumba kando ya barabara kuu. Watoto wangu wawili hawaumwi. Nihame?

Swali lako, mama, ndilo zito kuliko yote. Mapafu ya mtoto bado yanakua, na nafasi hiyo ikipita hairudi. Kusini mwa California, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 8 watoto zaidi ya 3,600 wa kuanzia umri wa miaka 10 hivi. Waliokuwa wakiishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu za magari mapafu yao yalikua kidogo kuliko ya waliokaa mita 1,500 au zaidi, na hata wasio na pumu walikuwamo. Lakini hewa ya huko iliposafishwa, watoto waliofuata walikua na mapafu yenye nguvu zaidi. Maana yake madhara haya yanazuilika, na serikali zina wajibu.

Najua kodi ya nyumba haijali ushauri wa daktari. Kama huwezi kuhama, walaze watoto chumba cha nyuma, funga madirisha ya upande wa barabara saa za foleni, na wapitishe vichochoroni wakienda shule.

Nakimbia kila asubuhi kando ya barabara. Niache?

Usiache mazoezi, badilisha njia. Jijini London watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walitembea saa 2 Hyde Park, na siku nyingine saa 2 Oxford Street, mtaa uliojaa mabasi na teksi za dizeli. Bustanini mapafu ya wenye afya yalifanya kazi vizuri zaidi baada ya matembezi. Mtaani faida hiyo ilipungua sana. Ukikimbia unavuta hewa nyingi zaidi kuliko aliyesimama, basi kimbia mapema kabla magari hayajajaa, au nenda uwanjani.

Barakoa ya kitambaa inatosha?

Kwa vumbi la barabarani inasaidia kidogo, kwa chembe ndogo haitoshi. Zile ngumu za N95 huzichuja vizuri, mradi zibane usoni bila mwanya. Ndevu nyingi huacha mwanya.