Rimoti ya gari ikiisha betri, usikubali kioo kivunjwe

Mwaka jana, mwezi wa saba, mimi na mama mdogo tulikwenda Bahi kununua mchele. Toka Nkuhungu, Dodoma mjini, tunakokaa ni lami mwanzo mwisho. Nikaegesha karibu na mashine ya kukoboa, nikafunga milango kwa rimoti, tukaingia kuchagua. Tulipotoka na magunia mawili kwenye toroli, jua linaelekea kuzama, mlango ukakataa. Nikabonyeza rimoti. Nikasogea mpaka nikaigusisha kwenye kioo, nikabonyeza tena. Taa hazikuwaka hata mara moja.

Gari langu ni la kuwasha kwa kitufe, halina pa kuchomeka ufunguo. Rimoti ikinyamaza, unahisi umefungiwa nje na umefungiwa ndani kwa wakati mmoja.

Watu wakajaa. Mmoja akaja na waya, anataka kuupitisha juu ya mlango. Mwingine akashauri tuvunje kile kioo kidogo cha nyuma, eti ndicho cha bei nafuu. Mama mdogo akamuuliza, "Mwanangu, hicho kioo utakilipa wewe?" Mimi nilishashika simu, nataka kuita gari la kuvuta kutoka mjini.

Aliyetuokoa ni utingo wa lori lililokuwa linapakia mchele pale pale. "Shikamoo mama. Naomba hiyo rimoti." Akaigeuza, akasukuma kwa ukucha kitufe kidogo kilichoko ubavuni, akavuta. Ukatoka ufunguo wa chuma, mwembamba, urefu wa kidole. Miaka minne nilikuwa naishika rimoti ile kila siku, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ndani yake mmelala ufunguo.

Ndiyo maana naandika. Karibu kila rimoti ya namna hii ina ufunguo ndani, na karibu kila gari lina tundu lake kwenye mlango wa dereva. Kwenye baadhi ya magari tundu linaonekana. Kwenye mengine limefunikwa na kifuniko cha plastiki mwishoni mwa mshikio, na chini yake kuna upenyo wa kuingiza ncha ya ufunguo ili kukibandua. Tafuta tundu lako mchana, ukiwa nyumbani, umetulia. Langu lilikuwa wazi, lakini vumbi la Dodoma lilikuwa limejaa humo. Utingo alipuliza, akaingiza, akazungusha kidogo kidogo, kulia na kushoto, mpaka likalegea. Angelazimisha, kile chuma chembamba kingekatikia ndani. Siku hizi nalizungusha kila mwezi. Sitii mafuta ya injini, maana vumbi hunata kwenye mafuta. Natia unga wa grafaiti, ule mweusi mkavu wa kulainisha kufuli.

Mlango ulipofunguka, alamu ikapiga kelele soko zima likageuka. Usitaharuki. Gari limefunguliwa bila rimoti kulitambua, kwa hiyo linadhani linaibiwa. Kwangu ilinyamaza gari lilipowaka.

Sasa kuwasha. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu kitufe kinabonyezwa na dashibodi inasema ufunguo haupo. Utingo akaniambia nikae, nikanyage breki, niiguse rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ndio utazame kitufe. Nikasikia mlio mfupi. "Haya, bonyeza sasa." Gari likawaka na betri ya rimoti imekufa vile vile.

Siri yake ni hii. Rimoti ina mawasiliano ya aina mbili. Yale ya kufungua milango ukiwa mbali yanahitaji betri. Lakini ndani kuna pia chipu ndogo isiyo na betri kabisa. Inapata umeme wake kwa njia ya sumaku kutoka kwenye koili ya gari, yaani waya uliozungushwa, ikisogezwa karibu sana. Chipu ikijitambulisha, imobilaiza, yaani mfumo unaozuia gari kuwashwa bila ufunguo wake, inaruhusu injini. Kwenye Toyota nyingi koili iko pale pale kwenye kitufe, na ukishasikia mlio una kama sekunde 10 za kubonyeza. Kuna magari mengine yenye kishimo maalumu cha kuweka rimoti, karibu na usukani au katikati ya viti. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali. Najua vitabu vyetu vingi vimekuja na gari kutoka Japani na vimeandikwa Kijapani. Mimi nilitafuta mchoro wa mkono ulioshika rimoti, nikaupiga picha ukurasa ule, simu ikanitafsiria. Kazi ya dakika kumi.

Tulipoondoka Bahi sikuzima injini mpaka getini kwangu. Gari likishawaka haliwezi kuzimika njiani kwa sababu ya betri ya rimoti.

Kabla ya yote hayo, hakikisha unajua ni betri ipi imekufa. Ikiwa umefungua kwa ufunguo wa chuma na taa ya ndani haiwaki na dashibodi ni giza, hapo tatizo ni betri kubwa ya gari, na kugusisha rimoti hakutasaidia kitu.

Betri yenyewe ni ile ya duara kama sarafu, ya volti 3. Namba yake imechorwa juu. CR2032 maana yake upana ni milimita 20 na unene 3.2. CR2025 ina upana ule ule ila ni nyembamba zaidi, milimita 2.5, na CR1632 ni ndogo kwa upana. Fundi akikwambia "hizi zote ni sawa", mkatalie. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Mimi ya kwanza niliyonunua, iliyokuwa imemwagwa tupu kwenye bakuli na misumari, haikumaliza miezi miwili. Sasa nanunua iliyofungwa kwenye kadi yake, yenye tarehe.

Kuibadilisha hakuhitaji fundi. Chomoa ufunguo wa chuma, ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa kwenye upenyo, fungua taratibu. Tazama upande wa + umeelekea wapi kabla hujaitoa, na ikibidi piga picha. Shika betri mpya kwa pembeni, usipindishe vile vibati vinavyoigusa. Kwa kawaida rimoti haisahau gari kwa kubadilishiwa betri, basi anayekutoza pesa ya kuiprogramu upya baada ya hapo muulize sababu.

Dalili nilizipuuza wiki mbili nzima: kubonyeza mara mbili ndipo ifungue, kulazimika kuusogelea mlango zaidi, taa ya ufunguo kumulika kwenye dashibodi. Betri hizi hudumu mwaka mmoja hadi miwili. Na nilikuwa naziua mwenyewe, maana rimoti ilikuwa inakaa mkobani pamoja na simu, na usiku kando ya televisheni. Mawimbi yale huifanya iwe macho muda wote. Sasa inatundikwa mbali na vyote viwili.

Jambo moja naomba mlishike kuliko yote haya. Betri hii mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Usisubiri dalili, usimtapishe, mkimbize hospitali na uwaambie kameza betri. Ile ya zamani, hata kama rimoti imeikataa, bado ina nguvu ya kudhuru. Yangu niliifunga selotepu pande zote mbili, nikaitia kwenye kikopo chenye mfuniko juu ya kabati, mahali ambapo mjukuu wa mama mdogo hafiki hata akipanda kiti.