Union Berlin walivyopanda 2019
Je, Union Berlin walipanda moja kwa moja kuingia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani? Hapana, hawakupanda moja kwa moja, na mechi za mchujo hawakushinda hata moja. Msimu wa 2018/19 Köln walichukua ubingwa wa 2. Bundesliga (ligi daraja la pili), Paderborn wakawa wa pili, na hao wawili ndio waliopanda moja kwa moja. Union walimaliza wa tatu na pointi 57 sawasawa na Paderborn ila wakazidiwa tofauti ya mabao, +26 kwa +21. Kinachouma ni kwamba siku ya mwisho Paderborn walifungwa 3-1 kule Dresden! Union walihitaji ushindi Bochum tu, wakaambulia sare ya 2-2.

Ligi ile wa tatu hucheza nyumbani na ugenini dhidi ya timu ya 16 ya Bundesliga, na mwaka huo walikuwa Stuttgart. Stuttgart waliongoza mara mbili kwao, mara zote Union wakasawazisha, 2-2. Marudiano Berlin 0-0, baada ya VAR (refa wa video) kufuta bao la faulo la Aogo wa Stuttgart kwa sababu ya kuotea. Jumla 2-2, Union wakapita kwa mabao ya ugenini (jumla ikiwa sawa, aliyefunga mengi ugenini ndiye alipita) na kuingia Bundesliga kwa mara ya kwanza. Mechi zote mbili nilizitazama, na yale mabao mawili Union waliyofunga kule Stuttgart kwangu ndiyo yaliyoamua kila kitu.

Ila usiitumie kanuni hiyo kwa mchujo wa sasa. Kanuni ya bao la ugenini iliondolewa kuanzia msimu wa 2021/22, siku hizi wangeenda dakika 30 za nyongeza.