Leo Asubuhi Umeshika Nini? Bi Mhariri Anajibu Barua za Wasifu

Toleo lililopita la jarida letu tuliweka wasifu mfupi chini ya kila shairi: mtunzi ni nani, anakaa wapi, anakula kwa kazi gani. Sikutegemea kama mistari ile mitatu ndiyo ingewasha moto. Barua zimezidi hata zile za mwaka tulipochapa shairi la bei ya tumbaku. Nimechagua tano, nazijibu hapa hapa Isevya, Tabora, chini ya mwembe, na mkiona doa la manjano kwenye majibu mjue limetoka juu.

*Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni fundi baiskeli, niliishia darasa la saba. Nina mashairi arobaini kwenye daftari. Nimeona wenzangu wameandikiwa shahada na vyuo. Mimi niandikiwe nini? Au niache tu? – Fundi, Urambo*

Marahaba mwanangu. Barua yako umeiandika nyuma ya karatasi ya mauzo ya tumbaku, na kidole gumba chako cha grisi kimebaki pembeni kama muhuri. Nilipoiona nikajua hapa kuna mtu.

Nikakupigia simu, unakumbuka, nikakuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: leo asubuhi umeshika nini? Ukacheka, ukasema ulikuwa unanyoosha rimu ya mama muuza maziwa, imekula upande. Halafu ukasema jambo ambalo sikukuuliza. Kwamba ukitunga, unaipindua baiskeli matairi juu, unapitisha kidole kwenye spoku moja moja, silabi kwa spoku, na umefunga kipande cha mpira wa tyubu kwenye spoku ya nane na kingine kwenye ya kumi na sita. Kidole kikifika mpira na neno halijaisha, mstari umezidi. Kikifika neno limeshaisha, umepwaya.

Mimi nimefundishwa mizani na mwalimu mwenye fimbo, na miaka yote hii nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Sijapata kusikia kifaa kizuri kuliko hicho chako. Sasa wewe unaniuliza uandikiwe nini! Utaandikiwa hivi: "Fundi baiskeli, Urambo. Hupima mizani kwa spoku." Basi. Mwenye shahada na aweke shahada yake, simzuii, ila shahada wanazo wengi.

Na kama bado unaona haya, mtazame Shaaban Robert. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, mtu wa kukagua mizigo na kujaza fomu za serikali. Baadaye akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya upimaji. Hakuna hata siku moja aliyolipwa mshahara kwa cheo cha mshairi. Mathias Mnyampala wa Dodoma naye alikuwa karani wa kodi kabla hajawa liwali na hakimu. Ukiwaondoa makarani, ushairi wetu wa karne iliyopita unabaki na mapengo kama kinywa cha babu. (Nasema hivi nikiwa karani mstaafu wa kupiga chapa, kwa hiyo mnisamehe kwa kupendelea upande wangu.)

*Bi Mhariri, kwa heshima zote, ninyi mnatupotosha. Shairi linajitosha. Nikishajua kwamba mtunzi ni mvuvi, nasoma mvuvi, sisomi shairi. Tangu lini washairi wakaeleza kazi zao? – Mwalimu wa Kiswahili, Ujiji*

Mwalimu, nusu ya kwanza nakubali. Yapo mashairi ambayo nikijua habari za mtunzi yanaharibika, kama mtu anayekueleza mzaha. Lakini chukua "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla, ile ya 1973. Mashairi yale aliyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa kosa la kuandika waraka wa siasa, na mengine aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Wewe mwenyewe unaweza kumsomesha mtoto kitabu kile bila kumwambia hilo? Sidhani. Utamwambia kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Nusu ya pili, ya "tangu lini", hapo umejikwaa, na wewe ni mwalimu. Fungua magazeti ya zamani. Tangu "Mambo Leo" lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wa kila kona walikuwa wakitumiana mashairi humo, na mtu akifika beti ya mwisho anaaga, anajitaja, anataja na mji wake. Kaditamati, jina langu fulani, niko mahali fulani. Ule ndio ulikuwa wasifu, ila umewekwa ndani ya vina. Sisi tumeutoa tu tukaushusha chini ya shairi kwa herufi ndogo.

Na hili nalijua kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilipata shairi la mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, beti saba. Ukurasa ulikuwa umejaa, mtu wa mitambo ananipigia kelele, nikakata beti ya saba. Nilijiambia ni ya kuaga tu, haina maana mpya. Beti yenyewe ilikuwa hii:

Kaditama naishia, kalamu naweka chini,
Nyavu zanisubiria, giza latanda ziwani,
Jina ukiulizia, ni Mvuvi wa Jioni,
Kibirizi natulia, Kigoma mwisho wa reli.

Kwa sababu jina lake lilikuwa humo, hatukuwa tumeliandika juu. Likabaki shairi yatima. Chini yake likafuata jina la mtunzi wa shairi jingine, mwalimu mmoja wa Nzega, na nusu ya wasomaji wakampa mwalimu pongezi za mawimbi na karabai, mtu ambaye ziwa amelionea kwenye ramani.

Mvuvi hakupiga simu. Alipanda treni. Alinikuta ofisini saa nne asubuhi, ana kifuko cha dagaa mkononi, akaniamkia vizuri, akakaa. Akasema, "Mama, samaki ukimkata kichwa kabla hajafika sokoni, mnunuzi atamjuaje?" Akanipa dagaa, akaaga, akarudi stesheni kungoja treni. Angenitukana ningelala usingizi.

Toleo lililofuata tulichapa shairi lote upya. Na tazama, Mwalimu: "giza latanda ziwani" mimi niliisoma kama huzuni, mtu anaaga, jua linazama. Kumbe kwa mvuvi wa dagaa giza ni siku ya kazi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, na wengi hulala nyumbani. Mwezi ukipotea ndipo mitumbwi inatoka. Anaaga kwa sababu anawahi riziki. Shairi lilijitosha, sawa, ila msomaji wake sikujitosha.

*Mimi ni Muha wa Kasulu, niko kidato cha sita. Rafiki yangu wa Tanga anasema watu wa bara tunaandika Kiswahili cha kuazima, na kwamba Kigoma haijatoa mshairi. Nimjibu nini?*

Mjibu kwamba Ujiji, hapo hapo Kigoma, imetoa wawili kwa mpigo, na watu wa Tanga wenyewe wanawasoma.

Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Sheikh, meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki 1964 akiwa na miaka 40 tu. Ule uwanja wa mpira Arusha una jina lake, na wengi wanaoshangilia pale hawajui kama ni jina la mshairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri". Yaani huyo rafiki yako akibishana nawe juu ya vina na mizani, sheria anazozitumia ziliwekwa kitabuni na mtoto wa Ujiji.

Wa pili ni Saadani Kandoro, naye wa Ujiji, kazaliwa 1926. Mwaka huo huo wa 1954 mwenzake anatoa sheria za mashairi, yeye alikuwa mmoja wa wale 17 walioanzisha TANU. Siasa yake na mashairi yake huwezi kuvitenganisha. Soma "Mwito wa Uhuru".

Kuhusu Kiswahili cha kuazima, Mnyampala niliyemtaja juu alikuwa Mgogo, akaacha diwani na ngonjera zilizokaririwa shuleni. Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na "Kichomi" yake ya 1974, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina, iliwatia wanamapokeo, wale washika sheria za vina na mizani, homa ambayo wengine haijawashuka mpaka leo. Kwenye wasifu wako andika Kasulu, tena uiandike kwanza. Ila shairi ulilonitumia lina "moyo wangu wadundika" mara nne. Moyo hudunda. Hapo Kiha hakina kosa, kosa ni la kutafuta kina.

*Mimi ni muuguzi, mkoa wa Tabora. Natunga usiku nikiwa zamu ya wodi ya wazazi. Naogopa wakubwa wangu na naogopa wakwe. Je, lakabu inaruhusiwa?*

Inaruhusiwa, dada yangu, na ina historia ndefu kuliko hofu yako. Jina lako halisi nitaliandika kwenye daftari langu moja, na kabati lina kufuli. Lakini lakabu peke yake haifichi mtu. Ukiandika "mkunga wa zamu ya usiku" ukataja na kituo, watu watahesabu kwa vidole na hawatafika cha tatu. Tuandike "muuguzi, Tabora", tuishie hapo. Na lile shairi la mama aliyejifungua siku ya mvua, toa rangi ya kitenge na jina la kijiji. Wewe una lakabu, yeye hana.

Siku ukiamua kujitaja, usidhani ni jambo la kiume. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi akiwa mgonjwa wa mwaka mzima, akaeleza ugonjwa wake humo humo, na mwaka akautia ndani ya beti: 1275 wa Hijra, ndio 1858. Tunajua alikuwa nani na alikuwa na hali gani kwa sababu alitwambia mwenyewe.

*Bi Mhariri, nilikutumia wasifu wangu kurasa mbili tangu mwezi wa tatu, pamoja na picha ya pasipoti na nakala za vyeti. Mpaka leo kimya. Kulikoni? – Msomaji, Sikonge*

Nimeupata, ndugu yangu, na nimeusoma wote. Nimejua shule ya msingi, kidato, kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, kamati ulizokaa na mwaka uliopata kipaimara. Picha ni nzuri, shati limepigwa pasi. Nimeikung'uta bahasha mara mbili, nikamwita na mjukuu wangu mwenye macho mazima aiangalie. Shairi halikuwamo.