Kwa mnaoanza kuchambua nyigu vimelea: bawa kwanza, rangi baadaye

Ndugu zangu mnaoingia hapa Uganda kwenye kazi hii ya kuchambua nyigu vimelea, yaani nyigu ambao watoto wao hukua kwa kula wadudu wengine, mtapewa chupa ya ethanoli iliyojaa wadudu kutoka mtego wa Malaise, ule wavu unaosimamishwa kama hema, na mkono utawasha kuwapanga kwa rangi. Msifanye hivyo. Nyigu wawili wa rangi ya machungwa wenye mabawa meusi wanaweza kufanana kama pacha, kumbe mmoja ni wa familia ya Ichneumonidae na mwenzake ni Braconidae.

Litandazeni bawa la mbele chini ya darubini, mwanga utokee chini. Hesabuni mishipa mifupi inayoshuka kutoka katikati ya bawa kuelekea ukingo wa nyuma: Ichneumonidae huwa na miwili, Braconidae mmoja tu. Wapo wachache wanaokiuka kanuni hii. Kwa hao, shukeni tumboni na mguse kwa ncha ya sindano mgongo wa pingili ya pili na ya tatu baada ya kiuno. Kwa Braconidae zimeungana, hazipindi. Kwa wengi wa Ichneumonidae zinachezacheza. Kazi hii haitaki haraka, na mimi huona fahari kila ninapomwona mgeni akirudia kuangalia bawa lile lile.

Lebo andikeni kwa penseli na muiweke ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na mdudu asiyejulikana katoka wapi hana kazi tena.

Msidhani pia kwamba kila kitu kimeshapewa jina. Ichneumonidae pekee wana spishi zaidi ya 24,000 zilizoelezwa, na bado msitu wa Kibale ulitupatia *Epirhyssa quagga*, aliyetangazwa mwaka 2019, mwenye mapambo yanayokumbusha pundamilia.

Shambani nako ni hivyo hivyo. *Cotesia flavipes*, Braconidae mdogo kutoka Asia, aliachiliwa Kenya mwaka 1993 na baadaye Uganda ili ashambulie viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Hapa tayari tulikuwa na wetu wa asili, *Cotesia sesamiae*, na kwa macho ya kawaida huwezi kuwatenganisha. Kinachowatofautisha vizuri ni viungo vya uzazi vya dume. Kwa hiyo viwavi mliokusanya wakitoa nyigu, wahifadhini wote, madume kwa majike, hata kama mlielekezwa mtafute majike tu.