Uzamili wa mtandaoni, kozi za wiki nane, na watoto ndani ya nyumba

Watu wakisikia nasoma uzamili kwa mtandao, tena chuo cha Marekani, wanadhani nimepata mteremko. "Si unasomea nyumbani tu?" Ndiyo, nasomea nyumbani, na nyumba yenyewe ina binti wa darasa la nne, mdogo wake wa miaka miwili, na mimi mama yao, ninayetakiwa niwe ofisini Posta, Dar es Salaam, saa mbili kamili asubuhi. Wazazi wenzangu wanaotaka kujiunga huniuliza kama inawezekana. Inawezekana, ila kabla ya kumtia mtu moyo mimi humpigia kwanza hesabu ya saa. Wengi ninaowaona wakikwama wana uwezo wa kutosha kichwani. Kinachowaangusha ni kuingia bila kujua wiki yao itaombwa saa ngapi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Vyuo vya Marekani vinapima kozi kwa krediti. Kwa kanuni ya serikali yao kuu, krediti moja ni saa moja ya kufundishwa na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa takriban wiki 15. Kozi ya kawaida ya uzamili ni krediti 3, kwa hiyo saa 9 kwa wiki, jumla saa 135. Sasa chuo kinaichukua kozi hiyo hiyo kinaibana iishe kwa wiki 8. Kurasa za kusoma ni zile zile, na insha ya mwisho ni ile ile. Gawanya 135 kwa 8: karibu saa 17 kila wiki. Ikibanwa kwa wiki 7, inazidi 19.

Ukichukua mbili kwa pamoja unakaribia saa 34 kwa wiki. Hiyo ni ajira nyingine juu ya ajira uliyonayo, na watoto hawajahesabiwa. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni mfupi: kozi moja kwa wakati. Shahada ya krediti 30 ni kozi 10. Chuo chenye vipindi sita kwa mwaka, yaani viwili kila muhula kwa mihula miwili, na viwili vya kiangazi, kitakumalizia kozi hizo moja moja kwa muda usiofika miaka miwili. Mshauri wa wanafunzi anaweza kukupigia simu akakushawishi uchukue mbili ili umalize mapema. Mwitikie kwa heshima, kisha jiandikishe moja.

Kabla hata ya hilo, hakikisha shahada itatambulika nyumbani. Kwetu Tanzania mwenye kazi ya kutambua tuzo za nje ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Waulize kabla ya kulipa ada. Halafu angalia kama chuo kina ithibati kwao. Orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani iko wazi mtandaoni kwa yeyote. Jioni moja inatosha kwa yote mawili.

Tuje kwenye saa za mwisho za kuwasilisha kazi. Kozi nyingi za namna hii zina mtindo mmoja: wiki inaanza Jumatatu, mchango wako wa kwanza kwenye majadiliano unatakiwa Jumatano au Alhamisi, majibu kwa wanafunzi wenzako wawili na kazi kubwa ya wiki vinatakiwa Jumapili, dakika moja kabla ya usiku wa manane. Usiku wa manane wa wapi? Wa kwao. Kama chuo kiko upande wa mashariki mwa Marekani, Jumapili hiyo kwetu inaishia Jumatatu, saa moja kasoro dakika moja asubuhi. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, na kwako inakuwa saa mbili kasoro dakika moja. Jumapili ya pili ya Machi wanazisogeza mbele tena. Sisi saa zetu hazihami, kwa hiyo hakuna mtu wa kukukumbusha. Weka saa ya mji wa chuo chako kwenye simu, pembeni ya saa yako.

Saa saba za ziada zinavutia. Mtu anajiambia, Jumapili nitapumzika, nitaamka alfajiri nimalizie. Mwenye mtoto wa shule anajua alfajiri ya Jumatatu ilivyo. Basi la shule liko getini saa kumi na moja na nusu, soksi moja haionekani, na ndipo mtu anakumbuka kwamba mwalimu alisema waje na rimu ya karatasi. Hapo hakuna insha inayoandikika. Mimi mwisho wangu ni Jumamosi usiku, potelea mbali chuo kinasema nini. Jumapili naiacha iwe ya kanisa, ya kusuka nywele za binti, na ya dharura. Dharura ikija, nafasi ipo.

Na dharura zitakuja, maana jamii yetu haijui habari za moduli ya tano. Kuna kikao cha harusi, kuna msiba, kuna shangazi amefika kutoka Moshi bila taarifa. Ukipanga kusoma wikiendi tu, umeipanga elimu yako juu ya siku ambazo si zako. Saa zangu nyingi nazitafuta kati ya Jumatatu na Alhamisi: usiku kuanzia saa tatu watoto wakishalala, na alfajiri mbili za katikati ya wiki. Jumamosi asubuhi naongeza kipande kimoja kirefu, kwa sababu kuandika insha kunataka kukaa, hakukatiki vipande vipande.

Ratiba hiyo haisimami bila makubaliano na wa nyumbani, na hapa nitakaa kidogo. Kumwambia mume "naomba unisaidie nikiwa nasoma" ni sawa na kutomwambia kitu. Atasaidia akikuona umechoka, na atakuona umechoka siku mbili baada ya kuchoka. Sisi tulikaa mezani na kalenda tukaandika: Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, mzazi wa zamu ni baba. Chakula, kuoga, homuweki, kulala, vyote vyake. Mtoto akija mlangoni kwangu kuuliza kifutio kiko wapi, jibu ni "muulize baba." Na mama naye lazima ajikaze: ukisikia wanakula wali na maji bila mboga, kaa kimya. Ukitoka chumbani kurekebisha, zamu imekufa.

Dada wa nyumbani naye aambiwe mapema, na kwa haki. Saa zako za kusoma zisigeuke saa zake za ziada zisizolipwa. Kama Jumamosi unamhitaji abaki na mtoto asubuhi nzima, kubalianeni malipo au siku nyingine ya mapumziko. Nimeona nyumba ambako dada aliondoka katikati ya muhula kwa sababu hii, na mwenye nyumba akabaki analalamikia bahati.

Ndugu wengine wape taarifa tu, usiwaombe ruhusa. Mama mkwe wangu aliniuliza, "Mwanangu, kwani hicho chuo hakina likizo?" Nikamwambia, "Mama, kinayo, ni mwezi wa kumi na mbili." Toka hapo anapiga simu Jumapili mchana. Watu wanaelewa wakipewa tarehe.

Kuhusu watoto wenyewe, umri ndio unaoamua mbinu. Binti yangu wa darasa la nne anaweza kukaa nami meza moja, yeye na hesabu zake za sehemu, mimi na makala yangu, tukapata dakika arobaini nzuri kabisa. Anapenda kuniuliza nimepata ngapi kwenye kazi yangu, na namwambia ukweli. Wa miaka miwili ni habari nyingine. Usijidanganye kwamba utasoma nadharia huku mtoto wa miaka miwili yuko macho. Utasoma aya moja mara sita, utamkaripia, na hutakumbuka ulichosoma. Mimi nimegawa kazi za chuo mafungu mawili: za kichwa na za mikono. Kupakua makala, kuyapa majina yanayoeleweka, kupanga orodha ya marejeo kwa mtindo wa APA, kurekebisha pambizo na kurasa, hizo ni za mikono, zinafanyika mtoto akiwa anapanda mgongoni. Kusoma hoja na kuandika hoja, hizo zinasubiri alale.

Kuna saa nyingine zimejificha njiani. Kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, ukipata siti unasoma, ukikosa unasikiliza. Simu nyingi siku hizi zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Sauti yenyewe haina ladha, lakini kwa makala unayoipitia mara ya kwanza inatosha. Pakua kila kitu usiku ukiwa na intaneti ya uhakika, usitegemee bando njiani. Mawazo yakinijia nimesimama nimeshika bomba, najirekodi ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, nautuma kwenye namba yangu mwenyewe. Usiku nikifungua laptopu sianzi na ukurasa mtupu.

Halafu jifunze kusoma kama mtu wa uzamili. Shule ilitufundisha kuanza ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa wiki 8 huwezi. Mimi Jumatatu nasoma swali la majadiliano kabla ya kitu chochote, kisha naingia kwenye makala nikiwa natafuta jibu. Kwa makala ya utafiti: ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), utangulizi, kisha naruka hadi sehemu ya mjadala na hitimisho, narudi kwenye majedwali, na mbinu za utafiti nazisoma kwa makini pale tu ninapotaka kuipinga au kuitegemea hoja. Kitabu nasoma sura iliyotajwa. Kila kitu ninachonukuu nakiingiza hapo hapo kwenye programu ya marejeo. Zotero ni ya bure na inafanya kazi vizuri. Kutafuta namba ya ukurasa saa sita usiku Jumamosi ni adhabu ya kujitakia.

Vigezo vya usahihishaji visome kabla ya kuandika. Kama mjadala una alama 5 na insha ina alama 30, mjadala usikuchukulie usiku mzima. Andika mchango wa aya tatu uliojibu swali na wenye vyanzo viwili vya kweli, bandika, endelea. Najua kuna wanafunzi wanaoandika majibu marefu kama hotuba ya bajeti. Waache. Na kama unafikiria kuipa akili mnemba (AI) kazi ikuandikie, soma kwanza silabasi inasemaje. Kila mhadhiri ana msimamo wake, na mwingine anaruhusu kwa kupanga mawazo tu.

Siku silabasi inapofunguliwa, mara nyingi siku kadhaa kabla ya kozi kuanza, kaa nayo na kalenda ya shule za watoto. Kipindi cha pili cha muhula wa vuli mara nyingi huanza katikati au mwishoni mwa Oktoba, na ndio mwezi ambao darasa la nne wanafanya upimaji wao wa kitaifa. Mwenye mtoto wa darasa la nne ajue hivyo tangu Agosti. Mwaka kama huo unaweza kuruka kipindi kimoja, kozi itakuwepo Januari. Wiki ya kwanza ya kozi nayo iwekee nguvu kuliko zote, maana hapo ndipo unapogundua kama kuna kazi ya kikundi. Kama ipo, waandikie wenzako mapema kwamba uko saa saba au zaidi mbele yao na utaje saa mbili ambazo unaweza kukutana nao. Anayetaja saa kwanza ndiye anayefuatwa.

Umeme nao. Chaji laptopu kila unapopata nafasi hata kama umeme haujakatika, angalia salio la LUKU Ijumaa, na weka bando dogo kwenye laini ya mtandao mwingine. Andika kazi yako mahali inapojihifadhi yenyewe.

Lakini kuna wiki ambayo hakuna mpango utakaosimama. Mtoto anapata homa, mnalala hospitali, na kozi ya wiki 8 haikusubiri: wiki moja ni sehemu ya nane ya kila kitu. Hapo mwandikie mhadhiri siku hiyo hiyo, kabla kazi haijachelewa, mistari minne tu: nini kimetokea, kazi ipi imeguswa, unaomba mpaka lini, na kwamba uthibitisho upo akiuhitaji. Usimweleze historia ya ukoo. Wahadhiri wengi hutoa siku mbili tatu kwa mtu aliyesema mapema, na wana ugumu na yule anayeibuka baada ya tarehe kupita.

Ikiwa ni zaidi ya wiki, zijue njia mbili za kutokea. Kujitoa kwenye kozi kuna tarehe zake, na kwenye kozi fupi tarehe ya kutoka ukarudishiwa ada yote huwa ndani ya siku chache za mwanzo. Baada ya hapo kuna tarehe ya kutoka bila kupata alama ya kufeli, ila pesa imekwenda. Njia nyingine ni kuomba kozi ihesabiwe haijakamilika, umalizie baadaye, na hiyo kwa kawaida hupewa mtu aliyeshafanya sehemu kubwa ya kazi na mwenye alama za kufaulu mpaka hapo. Zitafute tarehe zote mbili kwenye kalenda ya chuo siku ya kwanza na uziandike kwenye kalenda ya ukutani jikoni, ambako na baba wa zamu anaziona.