Jibu: Unaweza kuwaelewa Marx, Durkheim na Weber kwa kozi ya mtandaoni, ukiwa peke yako?

Mleta mada, umeuliza mawili. La kwanza, kama mtu anaweza kuzielewa nadharia za waasisi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwa kozi ya mtandaoni bila mwalimu wa kumwuliza ana kwa ana. La pili, kama uachane na kozi kwa kuwa umefika kwa Marx ukakwama. La kwanza nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe: inawezekana, nilisoma hivyo hivyo, na leo namsoma Weber bila kushikwa mkono. La pili, usiache. Badilisha namna unavyoisoma.

Kozi nyingi za aina hii hupangwa kwa watu. Wiki hii Comte, ijayo Tocqueville, halafu Marx, Durkheim, Weber. Mhadhiri anaeleza vizuri, unajibu maswali ya kujipima, unafaulu, unasonga mbele. Mwishoni unabaki na majina kadhaa, kila jina na neno lake pembeni: Marx tabaka, Durkheim mshikamano, Weber urasimu. Akitokea mtu akakuuliza hawa wanabishana juu ya nini, unanyamaza. Na kwangu utamu wote wa somo hili uko kwenye mabishano hayo.

Kilichonifungua mimi ni kushika swali moja na kumpelekea kila mmoja wao. Langu lilikuwa mgawanyo wa kazi: watu wakigawana kazi vipande vipande, wanapata nini na wanapoteza nini?

Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, anafungua kitabu chake cha 1776, *Utajiri wa Mataifa*, na karakana ndogo ya pini. Mmoja anavuta waya, wa pili anaunyoosha, wa tatu anaukata, wa nne anachonga ncha. Watu 10 wanatoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, wakati kila mmoja angefanya peke yake asingefikisha hata 20. Mfano huu utausikia kila mahali. Ambacho video nilizotazama hazikukigusa ni kwamba Smith huyo huyo, mbali sana huko mbele katika sehemu ya tano ya kitabu, anasema mtu anayemaliza maisha yake akirudia vitendo viwili vitatu rahisi hudumaa akili, na kwamba serikali isipochukua hatua watu wengi wa kawaida wataishia hapo. Niliposoma kurasa hizo ndipo nikaona Marx hakuzuka tu. Lile donda lilikuwa limeshaguswa.

Marx alilichimba akiwa bado kijana, katika maandishi aliyoyaandika Paris mwaka 1844. Anasema mfanyakazi hutengwa na kile anachokitengeneza, na tendo lenyewe la kufanya kazi, na utu wake, na wenzake. Hapa zingatia tarehe, maana kozi hupita haraka: maandishi hayo yalichapishwa kikamilifu mwaka 1932. Durkheim alifariki 1917 na Weber 1920. Kwa hiyo Marx waliyekuwa wakibishana naye si huyu wa 1844, ni yule wa *Ilani ya Kikomunisti* ya 1848 na wa *Mtaji* (*Das Kapital*), kitabu chake kikuu, juzuu ya kwanza, 1867.

Nahisi ndipo ulipokwama, kwenye kurasa za mwanzo za *Mtaji*, zile za bidhaa na thamani. Ni ngumu kweli, na Marx mwenyewe alilijua hilo. Kitabu kilipotoka alimwandikia rafiki yake Kugelmann, akamwelekeza amwonyeshe mkewe sehemu za kuanzia: siku ya kazi, ushirikiano na mgawanyo wa kazi na mashine, halafu ulimbikizaji wa awali, yaani mtaji wa mwanzo ulivyopatikana. Fuata ushauri huo huo. Sura ya siku ya kazi, ya 10 katika matoleo ya Kiingereza, imejengwa juu ya ripoti za wakaguzi wa viwanda wa Uingereza: watoto waliofanya kazi usiku, waokaji mikate, ushonaji, dakika zilizoibwa kwenye muda wa chakula. Ukishaona mvutano wa saa kati ya mwajiri na mwajiriwa, rudi kwenye thamani ya ziada, yaani ile anayozalisha mfanyakazi kupita ujira anaolipwa. Utashangaa inavyosomeka.

Durkheim, katika kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, analigeuza swali. Mgawanyo wa kazi, anasema, unawashikamanisha watu. Zamani walishikamana kwa kufanana, sasa wanashikamana kwa kutegemeana. Video itakupa sentensi hiyo kisha iendelee. Wewe simama uulize: amejuaje? Mshikamano hauonekani kwa macho, kwa hiyo alitafuta alama yake ya nje, akaipata kwenye sheria. Panapotawala sheria za kuadhibu, watu wameunganishwa na imani moja, na anayeikiuka anawaumiza wote. Panapoongezeka sheria za kurudisha mambo mahali pake, kama za mikataba na biashara, watu wameunganishwa na tofauti zao. Unaweza kuukataa ushahidi huo, na wako waliomkosoa vikali. Lakini ukishaielewa mbinu yake hapo, kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua hakitakutisha, kwa sababu anafanya jambo lile lile kwa takwimu. Na usikose sehemu ya mwisho ya kile cha 1893, anapokiri kwamba mgawanyo wa kazi unaweza kuwa wa kulazimishwa. Hapo yeye na Marx wanakaribiana kuliko kozi inavyoonyesha.

Weber anamjibu Marx moja kwa moja, ingawa Marx alikuwa ameshafariki. Mwaka 1918, akizungumza na maofisa wa jeshi mjini Vienna kuhusu ujamaa, alisema mfanyakazi si peke yake aliyetenganishwa na zana zake. Askari hamiliki silaha anayobeba, karani wa serikali hamiliki ofisi anamofanyia kazi. Basi hata dola ikivitwaa viwanda, mfanyakazi atabaki chini ya mtu mwingine, safari hii ofisa. Binafsi naona hoja hii ndiyo nzito kuliko zote katika somo zima, na nisingeielewa kama nisingekuwa nimetoka kwa Marx na swali lile lile mkononi.

Comte mpitie tu, ujue alilipa somo jina na zile hatua zake tatu za fikra, inatosha. Muda utakaouokoa mpe Ibn Khaldun, msomi wa Kiislamu wa Afrika Kaskazini, ambaye kozi nyingi humtaja kwa sentensi moja au wasimtaje kabisa. Kitabu chake, *Muqaddimah* cha 1377, kinauliza kinachowashikamanisha watu, karne tano kabla ya Durkheim. Na W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, ambaye utafiti wake kuhusu watu weusi wa Philadelphia, uliochapishwa 1899, ulifanywa nyumba kwa nyumba wakati wengine wakijenga nadharia mezani.

Kuhusu kazi za kuandika zinazosahihishwa na wanafunzi wenzako, usitegemee sana. Wengi watakuandikia "kazi nzuri" na kuondoka. Tafuta mmoja tu mwenye kubisha, mbadilishane kurasa. Cheti utakipata ukifuata tarehe, hakina ugumu wowote.

Ukifika kwa Weber, usianzie *Uchumi na Jamii*. Alikiacha hakijakamilika, mkewe Marianne ndiye aliyekikusanya baada ya kifo chake. Anza na *Maadili ya Kiprotestanti* ya 1904 na 1905. Swali lako ukishalichagua liandike hapa, nitakuonyesha kurasa ninazozijua.