Kwa binti anayeozwa mwana wa ami yake: usitoroke, na usinyamaze

Mdogo wangu, umesema una miaka 17, uko kidato cha tatu, baba ameshaikubali posa ya mwana wa ami yako aliye Mombasa, na moyo wako uko kwa kijana mliyesoma naye chuo cha Kurani. Unauliza kama mpande boti ya alfajiri hadi Mokowe, mkakae kwa rafiki yake Malindi. Mimi mzaliwa wa Mkomani, Lamu, na posa ya namna hiyo ilishaletwa kwetu kwa ajili yangu.

Usiende. Sisemi hivi kuwatetea wazee. Ukitoroka, hakuna atakayeuliza tena kama huyo mume unamtaka. Mji mzima utauliza ulilala wapi. Na huyo kijana wako utamtia hatarini. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataja kifungo kisichopungua miaka 15 kwa mwanamume anayelala na msichana wa umri wako, hata kama msichana alikubali. Wazee wako wakikasirika, jambo la kwanza watakalofanya ni kwenda polisi.

Posa yangu ililetwa na shangazi zangu baada ya alasiri. Buibui zao zikinukia udi, mama akawapa kahawa na halua, na mimi niko juu, hakuna aliyeniita. Usiku mama akaja akaniambia wamekuja kwa ajili ya mwana wa ami, kisha akatulia akinitazama. Nilijua nikinyamaza, kimya changu kitapelekwa kwa baba kuwa nimeridhia, maana kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza huwa amekubali. Nikamwambia, "Mama, sijakubali. Naomba nizungumze na bibi."

Asubuhi nilimkuta bibi, mama yake baba, ana uteo mapajani anachambua mchele. Nikakaa mkekani nikachambua naye. Nikamwambia huyu simtaki na nataka nimalize skuli. Aliendelea kutoa chuya kitambo, kisha akauliza, "Humtaki yeye, au una mwengine?" Nikamjibu, "Bibi, hata asingekuwepo mtu, huyu simtaki." Akaelewa. Hakuniuliza jina, na baada ya isha akamwita baba chumbani kwake.

Mambo hayakuwa mepesi. Baba alikuwa akinipita kama hanioni, na ami hakukanyaga kwetu Ramadhani nzima. Waelewe pia wanachokihofia. Katika familia nyingi za zamani za Lamu binti akiolewa hupewa orofa ya nyumba ya kwao, na mume ndiye anayehamia. Mzee anapokuchagulia mwana wa nduguye, anataka nyumba ibaki kwa damu yake na uzee wake usiishi chini ya miguu ya mgeni. Hofu hiyo ni ya kweli, na ukizungumza naye kwa kuijua atakusikiliza zaidi kuliko ukimwambia habari za mapenzi.

Ndiyo maana nakusihi utenganishe mambo mawili. Kumkataa mwana wa ami ni jambo lako peke yako. Huyo kijana ni jambo jengine, la baadaye. Ukiyachanganya, wazee watashughulika naye yeye: ni mwana wa nani, kwao wapi, alikupa nini, na neno lako litapotea humo. Kijana niliyempenda mimi alikuwa wa Langoni, upande wa pili wa mji wetu. Watu wake hawakuleta barua ya posa, na nilipokuwa chuo cha ualimu akaoa kwao. Nililia sana. Lakini sikujuta kumkataa mwana wa ami, kwa kuwa sikumkataa kwa ajili ya mtu.

Wala sisemi ndoa ya kuchaguliwa na wazee ni mbaya. Dada yangu alichaguliwa mwana wa mama mkubwa, akaulizwa, akasema ndiyo kwa mdomo wake, na mpaka leo wanapendana.

Wakikuletea dini, ijue. Nasai na Ibn Majah wamepokea habari ya msichana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akalalamika kuwa baba yake amemwoza kwa mwana wa nduguye. Mtume akamwachia yeye mwenyewe uamuzi. Msichana akasema amelipitisha alilolifanya baba yake, ila alitaka wanawake wajue. Kuna atakayekwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi baba ana haki ya kumwoza bikira bila kumuuliza. Mwambie kwa adabu kwamba wanazuoni hao hao wameweka masharti, na wamesema kumuuliza ni sunna. Na kwa serikali wewe ni mtoto: Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumwoza mtoto.

Posa si nikahi, bado kuna nafasi. Kama zimepokewa zawadi, pete au vitambaa, usivivae. Virudishwe na mkono uleule uliovileta, mapema, kabla siku haijatajwa msikitini, maana kila siku inayopita aibu ya kurudisha inakuwa kubwa kwa baba. Kijana wako mwambie asubiri umalize skuli, kisha watu wake wapitie mlangoni. Na ukiona unafungiwa ndani au nikahi inaharakishwa, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, usiku na mchana, au mwambie mwalimu unayemwamini akupeleke ofisi ya watoto.

Sasa niambie: bibi yako yu hai? Kama hayupo, ni nani ambaye baba yako humsikiliza hata akiwa na hasira? Nijibu hapahapa, nikusaidie kupanga utakavyomwendea.